Mlango wa Kujitazamia

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema. Mama mkwe ametuita, mimi na shemeji (kaka wa mke wangu), akatupa kila mmoja mlango wa kabati lake jipya. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, laini, bado mtupu. Amesema atakayeupaka rangi mpaka yeye ajione uso bila miwani, ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa karakana ya marehemu mzee. Ukaguzi Jumamosi.

Karakana! Paa, meza ya kazi, dirisha! Mwaka wa sita huu napaka rangi uani chini ya kamba ya nguo, na kila kiti nilichopaka kina alama ya soksi.

Shemeji ameanza kwa kupiga msasa. Ubao mpya, msasa wa nini? Mimi humwita Bwana Taratibu. Hajui.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia kwa shemeji. Anapaka gundi kwenye kingo za mlango, anasubiri, anapiga msasa, anapaka tena. Rangi yenyewe hajaigusa! Nikamuuliza anajitesea nini. Akasema kingo za MDF zina kiu, usipoziziba zitakunywa rangi yote, shemeji yangu. Nikamshukuru kwa adabu. Ni wazi anataka kunichelewesha.

Yeye atapaka mara tano, nyembamba nyembamba, kila moja aisubiri ikauke. Mimi nimepaka zote tano kwa mpigo mmoja. Tano ni tano.

Jumatano, 5 Machi
Rangi imeteremka. Juu hakuna kitu, chini michirizi mitupu. Nimeugeuza mlango kichwa chini ili irudi ilikotoka.

Kingo nazo zimekunywa kweli, zimeota manyoya kama blanketi. Shemeji alijuaje mapema? Naona mkono wa mtu hapa.

Mke wangu ameniomba, kwa upole kabisa, safari hii moja tu nipige msasa. Nikamwambia atulie, najua ninachofanya. Nikaongeza rangi juu ya ile iliyopo.

Alhamisi, 6 Machi
Vumbi! Limetua juu ya rangi mbichi, pamoja na nzi wawili na unyoya wa kuku. Nikaleta feni ili vumbi liende kwingine. Halikwenda. Lilikuja na lile lililokuwa kwingine.

Nzi mmoja nimemtoa. Wa pili amezama, nimempaka tu.

Ijumaa, 7 Machi
Bado haung'ai. Nimeusugua kwa fulana yenye mafuta ya kupikia. Lo! Nimejiona mpaka magego. Nani kasema kazi hii ni ngumu?

Shemeji bado yumo kwenye msasa, maskini. Nilimwonea huruma kwa dakika nzima, kisha nikaenda kuchungulia dirishani mwa karakana, nikachagua msumari wa kutundikia koti langu.

Jumamosi, 8 Machi
Ukaguzi. Mlango wangu ulitangulia. Mama mkwe akavua miwani, akainama, akasema anajiona, tena anaonekana kijana. Nusura nipige vigelegele.

Kisha akataka kuugusa. Nikamsihi, mama, usiuguse. Akaugusa. Juu palikuwa pamekauka, ndani uji mtupu. Vidole vyote vitano vilizama, na alipojivuta, mlango ukamfuata. Akasema uso ameshauona, sasa anaomba arudishiwe mkono wake.

Ufunguo amepewa shemeji. Mlango wake niliutazama kwa jicho moja. Kioo kabisa.

Mke wangu hakunigombeza. Alichukua thina ya kuondolea rangi na kitambaa, akaenda kumsafisha mama yake. Hilo liliniuma kuliko ufunguo.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji si mtu mbaya. Amenipa kazi karakanani: nipige msasa milango kumi na minne ya MDF ya mteja wake wa kwanza, kisha niipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, mmoja mmoja. Msasa nimepiga, naapa. Hata mke wangu alikuja kushuhudia, akatabasamu.

Lakini milango kumi na minne, kwa kitambaa! Shemeji alipotoka kufuata rangi, nikavuta mpira wa maji, nikaiosha yote kwa dakika tano. Haijabaki chembe.

Nimeiegemeza ukutani ikauke. Tangu saa nane inazidi kunenepa. Mteja aliagiza milango myembamba, naye atapewa minene. Sijui shemeji atanishukuru vipi.