Jezi ya Mtu Mrefu

Jumatatu, tarehe 4
Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kaptura yangu ya baiskeli. Imekata roho leo saa moja asubuhi, pale mpira wa kiuno ulipoachia nikiwa katikati ya mlima, mbele ya foleni ya benki. Imeacha mjane mmoja: jezi ya njano yenye tundu kwapani. Nimesukuma baiskeli hadi nyumbani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kazi maalumu.

Msiba umekuja vibaya. Jumapili ndiyo safari ya kilabu, kilomita arobaini, na binti yangu anakwenda masafa marefu kwa mara ya kwanza. Ameniomba niwe ubavuni mwake, hasa kwenye mlima mkubwa. Ana miaka kumi na saba. Mwaka mzima hajaniomba kitu ila nitoke chumbani kwake. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Tatizo ni Mwenyekiti wa kilabu, mfamasia jirani yetu. Katangaza kwamba nguo inayopepea haitapita ukaguzi wa Jumamosi, na asiyepita atapanda gari la maji linalofuata nyuma ya msafara. Nakiri sheria hii ilitungwa kwa heshima yangu. Mwaka jana suruali yangu iliingia kwenye cheni, nikaangusha watu saba. Wa kwanza alikuwa yeye.

Jumanne, tarehe 5
Duka la michezo, baada ya kazi. Niseme ukweli kuhusu mwili wangu, maana daftari halicheki: mimi ni mrefu kiasi kwamba maktaba ninayofanyia kazi iliuza ngazi yake. Kwa upana, nikigeuka ubavu watu huuliza nimekwenda wapi.

Saizi ndogo ilinikaa kiunoni vizuri sana. Mikono ikaishia kwenye kiwiko, na kitovu kikatoka kusalimia wateja. Saizi kubwa kabisa ilifika panapotakiwa. Ila ndani yake palibaki nafasi ya mpangaji. Muuzaji alizunguka mara mbili, akakuna kichwa, akasema, "Bosi, kwa urefu wewe ni huyu, kwa upana wewe ni yule. Mko wawili."

Nikachukua kubwa, jezi na kaptura. Mwanamume mzima hatembei barabarani na mfuko ulioandikwa "ndogo".

Mke wangu aliniona sebuleni nimeivaa. Akauliza nani kaanika shuka.

Jumatano, tarehe 6
Mpango! Kama nguo haipungui, mtu aongezeke. Nikavaa fulana tatu chini ya jezi, na mtandio wa mke wangu kuzunguka tumbo. Kwenye kioo: bingwa. Kifua hicho! Nikazunguka mtaa mara tatu kwa madaha.

Mzunguko wa nne nilianza kuona nyota, na ilikuwa saa tisa mchana. Nikashuka mbele ya duka la dawa. Hapakuwa na jingine karibu. Mwenyekiti mwenyewe akanipa maji ya chumvi na sukari, akanishika mkono kupima mapigo, na jicho lake likatua kwenye pindo la mtandio lililochungulia kiunoni. Maua mekundu. Akaniongezea kijiko cha sukari. Afadhali angecheka.

Mtu huyu kila nguo inamkubali. Anaingia dukani, ananyoosha mkono bila kutazama, anatoka amevaa. Mungu ana watu wake.

Jumatano hiyohiyo, jioni
Binti kauliza kama nguo zipo tayari. Nimesema zimekaribia. Akasema, "Baba, ukipanda gari la maji, na mimi napanda." Akaondoka kama hajasema kitu. Nimekaa na maneno hayo hadi chai ikapoa.

Alhamisi, tarehe 7
Fundi cherehani, yule wa suti za harusi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya mwembamba, fundi. Huyu ananijua tangu ndoa yangu na hajawahi kunitangaza.

Ila leo niliona haya kumwambia nguo ni ya baiskeli. Mtu wa makamo, kaptura ya kubana, unaanzia wapi? Nikasema ni nguo za mazoezi tu, fundi, za kubana kidogo. Akauliza mazoezi gani. Nikasema ya jumla.

Akanisimamisha kama bwana harusi. Mgongo nikanyoosha, kidevu juu, pumzi nikaivuta hadi kifua kikaongezeka inchi mbili. Akapima, akaandika, akanitazama, akasema naweza kupumua sasa. Nikasema ndivyo ninavyopumua. Akachukua jezi na kaptura ya juzi kwa ajili ya kuzipunguza, akasema nije kesho.

Ijumaa, tarehe 8
Ushindi! Nguo imenikaa kama nimezaliwa nayo. Hata kifua si kibaya, ukikumbuka kuvuta pumzi. Nimejitazama kwenye kioo cha fundi hadi akaniuliza kama kuna kingine.

Kisha nikapanda baiskeli.

Niliinama kushika usukani, jezi ikapanda. Haikusimama kiunoni wala mbavuni, ilisimama mabegani. Mikono ikarudi nyuma kama kobe. Kaptura ikakimbilia juu, na mgongo wangu wote, ambao ni mrefu, ukabaki uchi mbele ya shule ya chekechea wakati wa kutoka. Watoto walipiga makofi.

Nilirudi kwa fundi saa kumi na moja. Nikasema ukweli wote, hata inchi mbili za pumzi. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, ndipo akanijibu. "Kaka, mimi nimekupima umesimama. Nguo ya kusimama ni ya kusimama. Wewe unaketi, unainama, unanyoosha mikono. Ungesema baiskeli tangu jana, sasa hivi ungekuwa kwako." Nikasema nisamehe. Akasema kesho saa mbili, nije na baiskeli.

Jumamosi, tarehe 9
Baiskeli imeingia kwa fundi kupitia mlango wa mbele. Ameiegemeza kwenye meza ya kukatia, nikapanda, nikainama, naye akanizunguka na tepu akipima mgongo, bega, goti. Alinikataza kuvuta pumzi. Akiniona natanuka tu, ananigonga mbavu kwa rula.

Akaingia mama mmoja kuchukua gauni la binti yake. Akasimama. Fundi akamwambia asijali, mteja yupo safarini.

Akafumua mgongo na mabega. Vipande alivyokata Alhamisi alikuwa hajavitupa. Akaviunga, mgongo ukarefuka kwa shibiri nzima, mikono ikafika kwenye vifundo vya mikono; mbele akapunguza, pasikunjane nikiinama. Saa nane nilivaa, nikapanda, nikainama. Kimya. Hakuna kilichopanda wala kupepea. Nilikaa juu ya baiskeli ile isiyokwenda popote, machozi yakanilengalenga. Fundi akasema nishuke, ana watu wa harusi.

Ukaguzi saa kumi. Nilikwenda nikiendesha, nikakaguliwa hukohuko juu ya baiskeli. Mwenyekiti akajaribu kunifinya kitambaa kiunoni, akafinya mbavu. Akajaribu begani: mfupa. Akaandika jina langu polepole, kama mtu anayeandika wosia. Nimepita! Binti alinipiga ngumi ya bega, na kwake hiyo ndiyo kukumbatiana.

Jumapili, tarehe 10
Kilomita arobaini. Nimemaliza. Tumemaliza. Picha nzuri zimepigwa. Nimechoka, nalala.

Jumatatu, tarehe 11
Jana niliandika kwa kifupi, na mke wangu anasema kifupi changu huwa kinaficha kirefu. Haya, ukweli.

Kwenye mlima binti alitaka kushuka. Nikamwambia atazame gurudumu langu tu, asitazame juu. Alilia kidogo, akanitukana kidogo, akafika. Hilo halina chumvi.

Kituo cha kupumzika, watu wote wakashuka, wakanyooka. Mimi nilishuka, sikunyooka. Nguo iliyopimwa nimeinama haitaki nisimame. Kila nikijaribu, mbele inavuta mabega chini kama mtu anayetafuta sarafu. Nikanywa maji nimeinama. Nikasalimiana na wakubwa nimeinama. Mmoja akaniambia adabu kama yangu siku hizi haionekani. Mwenyekiti akaja mbio na dawa ya mgongo. Nilimwambia ndivyo wanavyopumzika mabingwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye ameamini: kwenye picha ya pamoja watu ishirini na wawili wamesimama wima, na watatu wameinama. Mimi, Mwenyekiti, na binti yangu, ambaye alijua kila kitu na anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana.

Mke wangu ameiweka picha sebuleni.

Nguo ya kusimamia vituoni lazima nipate, safari ijayo ni baada ya miezi miwili. Leo mchana nimeagiza moja kutoka ng'ambo, ya kushonwa kwa vipimo vya mteja. Fomu iliuliza upana wa kifua. Nilivuta pumzi, nikajipima, nikaongeza inchi tatu za heshima. Mzigo unasafiri wiki sita. Hadi ufike nitakuwa nimenenepa.