Kambi Isiyo na Mtoto Mwenye Homa

Bwana Mkuu wa Wilaya uliyetuma salamu badala ya kuja, Bwana Inspekta na askari wako, machifu mlioketi na machifu mliokosa viti, wazee wa Garissa, akina mama, na wewe karani unayeandika sifa hizi: hamjambo? (Mbuzi mmoja anajibu.)

Mimi, Naibu wa Katibu Msaidizi wa Kamati Ndogo ya Homa za Watoto, nimekula vumbi zaidi ya maili mia mbili kuja kuzindua rasmi Programu Kabambe ya Malaria, awamu ya kwanza, yenye mganga, hadubini na dawa za kumtosha kila mtoto mwenye homa kutoka hapa hadi Rhamu. Mbu, ndugu zangu, ni shifta, mwasi wa porini, mwenye mabawa, na yeye pia hana kibali cha kutembea! (Inspekta anacheka peke yake.)

Nasikia wapo wanaonong'ona kwamba zamani, mvua ikinyesha, mlihamisha ngamia mbali na mto kuwakimbia mbu, na kwamba tangu serikali iwaweke ndani ya seng'enge hapa ukingoni, kwa usalama wenu, watoto hawana nafuu. Huo ni uvumi, nasi tunafanya kazi kwa takwimu. Karani wangu alipita nyumba mia tatu na kumi na mbili akiuliza, "Una watoto wangapi?" Mzee Dekow akajibu, "Mungu amenipa." Bi Arbia akajibu, "Alhamdulillahi." Mzee Warfa alimuuliza karani kama ana wazazi. Hakuna aliyetaja hata mtoto mmoja! Kwa hiyo faili, ambalo naliheshimu kuliko macho yangu, linasema kambi hii ina watoto sifuri, na wenye malaria ni asilimia sifuri. Hakuna wilaya iliyofikia kiwango hicho, na kwa unyenyekevu mkubwa nakiri kwamba ni juhudi zangu. (Makofi ya machifu.)

Nani huyo anayelia? (Anasimama mama mmoja, Kinsi, na mtoto mgongoni. "Bwana mkubwa, mtoto yangu Guleid mwili iko moto siku tatu. Jana ametetemeka mbaka macho ikageuka. Naogoba. Nibe dawa.") Mama, karani alipokuuliza ulijibu, "Mungu anajua." Mtoto asiye kwenye orodha nikimpa dawa, nitaandika nimempa nani?

(Mzee Dekow: "Sisi mtoto hatuhesabu, hata ngamia hatuhesabu. Ukihesabu, jicho baya itamshika. Karani aliuliza vibaya. Angesema, nani mgonjwa, tungeleta wote.") Mzee wangu, fomu haina swali hilo.

(Kinsi anamwinua mtoto juu ya kichwa chake. "Bismillahi. Moja!" Umati unashtuka. Bi Arbia anainua wake: "Mbili!") Mama, keti. ("Tatu! Nne!") Inspekta, kuhesabu ni kazi ya serikali! ("Kumi na moja!")

Basi nifunge kwa kaulimbiu. Homa, toka! ("Kumi na tisa!") Harambee! ("Ishirini!")

Na shukrani. Namshukuru Inspekta kwa hema hili, ambalo limekuwa zahanati tangu saa tatu na linarudi kituoni saa sita. Namshukuru dereva wangu, Barre, aliyevaa koti jeupe na kukunja uso kiganga. ("Thelathini na nane!") Namshukuru aliyechora ile hadubini kwenye mbao, maana kwenye picha itapendeza. Na sanduku la dawa, tafadhali, msiliguse. (Kinsi ameshalifungua. Analigeuza juu chini ili wote waone. "Hakuna kitu," anasema. "Basi fungua lango, tuhame hii mto leo.")

Mama, lango halifunguliwi ovyo. Lazima kwanza nijue idadi ya watoto watakaotoka.

("Arobaini na moja," wanajibu wote.)