Magauni Sita ya Gunia

Jumatatu, 8 Julai

Nimeanza shajara. Siku waandishi wa habari watakapokuja kuniuliza nilianzaje, nitawapa daftari hili, wasinichoshe na maswali.

Jina: Violeth Komba. Kwetu Mbinga, mbali hata kwa ndoto. Shule: kidato cha pili, tena nusu yake. Kazi ya mikono: kutwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma hapa Bugarama, mwaloni kwa Mzee Mabula, mahali mawe yanapotwangwa na kuoshwa. Kazi ya kichwa: Mkurugenzi wa mitindo, sanaa na uchapishaji. Kazi ya kichwa bado haijanilisha. Nilikuja kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tatu.

Tatizo ni mama. Nilimwambia kwenye simu kwamba nina ofisi. Akaitangazia jumuiya nzima baada ya rozari. Sasa sithubutu kurudi na viganja hivi, vigumu kama kwato. Nitoke kwenye kinu kwa heshima, au nizeeke hapa nikitwanga. Njia ya tatu sijaiona.

Gazeti langu linaitwa Hatunyamazi. Kurasa nane. La wanawake, limeandikwa na wanawake wanne, wote mimi. Makala ya mbele: "Mwanamke, Msikilize Mwenzako." Stanslaus wa steshenari amenitolea nakala ishirini za majaribio. Nakala mia za uzinduzi atachapa nikilipa kwanza. Nimemwambia historia itamhukumu. Akasema historia ije na hela.

Jumanne, 9 Julai

Scolastika! Mama ntilie wetu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake watwangaji. Alitwanga miaka kumi mpaka mgongo ukamkatalia. Jana nilimpa nakala zangu awagawie wateja. Leo nimemkuta anafungia chapati!

Hakuona hata aibu. Akasema mdogo wangu, tangu asubuhi zimesomwa kuliko tangazo la mwenyekiti wa kijiji. Wanaume wanasoma wakitafuna. Akanionyesha mchimbaji mmoja, mweupe kwa vumbi kama katoka kwenye unga, aliyekuwa anauliza kama yule mwanamke wa ukurasa wa tatu alimwacha mumewe au hakumwacha. Ukurasa uliofunga chapati yake uliishia njiani. Alikuwa tayari kununua nyingine ilimradi ifungwe kwa ukurasa wa nne.

Nikasema Hatunyamazi si karatasi ya mafuta. Nikamnyang'anya nakala zilizobaki, nane. Mchimbaji akanifuata mpaka barabarani akiomba nimwambie tu, yule mume aliachwa au hakuachwa. Sikumjibu. Uchapishaji una heshima yake.

Nakala nane ziko chini ya godoro. Salama kabisa. Hakuna anayezisoma.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya mgawo. Kwa Mzee Mabula mtwangaji hapewi mshahara. Kila miezi mitatu anachagua kitu kimoja cha mwaloni, na mzee hana ruhusa ya kukataa. Ndivyo alivyoanza baba yake. Wote huchagua ndoo ya mawe, wakatwange na kuosha wenyewe, bahati iamue. Ndoo yangu ya mara iliyopita ilitoa chembe moja. Mnunuzi aliipuliza vumbi, ikapotea na vumbi.

Leo nikafanya jambo la kisanii. Kule stoo kuna magunia makuukuu, yale yanayotandazwa kwenye mbao za kuoshea, unga wa mawe na maji vikipita juu yake. Yakichakaa mzee huyafungia humo kwa kufuli. Kumi na mawili. Rangi ya tope, na ukiyatoa juani yana mng'ao fulani. Mng'ao! Huko mjini wangelia wapate kitambaa hicho. Nikasema nachagua magunia.

Mzee Mabula akaganda. Akaniuliza kwa Kisukuma chake mayu, yaani mama, nani kakufundisha? Nikasema sijafundishwa, jicho hili nimezaliwa nalo. Akanipa ndoo moja na nusu badala yake. Nikakataa. Ndoo mbili. Nikakataa. Ndoo mbili na jogoo! Sijawahi kuona mtu bakhili kiasi hiki, anang'ang'ania matambara. Nikakaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Scolastika akasema kwa sauti, kumbe mtoto wa Mbinga ana akili, anatuficha tu.

Hatimaye jicho langu limetambuliwa.

Ijumaa, 12 Julai

Nashona kwa mkono, kwa shazia la kushonea magunia. Mawili kwa gauni moja. Onyesho ni Jumapili baada ya misa. Nikiuza magauni nalipia nakala mia, nazindua gazeti, naaga kinu.

Nilitaka kukung'uta vumbi kwanza. Gunia la kwanza nimelipiga kwenye jiwe mara mbili tu, wanawake watatu wakanirukia. Mmoja kanishika mkono. Mwingine katandaza khanga chini haraka, kukinga vumbi lisiguse ardhi. Akaikunja khanga kama amebeba mtoto mchanga. Miaka mitatu nilidhani watu wa hapa hawajali sanaa. Nilikosea.

Jioni akaja Scolastika. Akakaa kitandani bila kukaribishwa. Akasema mdogo wangu, wamenieleza unataka kuyashona, mimi sikuamini. Usiyakate yale magunia, wala usiyafue, ngoja nikuambie. Nikamkatiza. Nikamwambia wivu wa mwanamke kwa mwanamke ndio unaotuchelewesha. Akaanza tena, si wivu, sikiliza, ndani ya yale magunia. Nikamkatiza. Nikamwambia yeye abaki na chapati, mitindo aniachie mimi. Akavuta pumzi, akaanza mara ya tatu. Hapo nikavuta nakala chini ya godoro, nikamsomea "Mwanamke, Msikilize Mwenzako" kuanzia kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho. Kurasa mbili. Kila alipofungua mdomo nilipandisha sauti.

Nilipomaliza akasimama, akajifunga khanga vizuri. Akasema haya, mwandishi, usiku mwema.

Nadhani makala imemgusa.

Jumapili, 14 Julai

Ushindi!!

Mwanzo ulikuwa mbaya. Wanawake sita niliowateua kuvaa wote wakakataa. Mmoja kasema gunia linawasha. Mwingine kasema yeye si viazi. Nikavaa mwenyewe, gauni baada ya gauni, nikibadilisha nyuma ya pipa la maji. Nyuma yangu nilitundika shuka niliyochora mwanamke mkubwa ameinua nyundo. Mzee Mabula akaitazama sana, akauliza kwa nini nimemchora yeye na gauni.

Nikaingia na gauni la kwanza. Hakuna aliyetazama mshono. Walikuwa wananishika pindo, wanalifikicha kwa vidole, wanavitazama vidole kwenye jua. Bibi mmoja alinigeuza kama mbuzi wa mnadani. Nikajua huu ndio umati unaoelewa vitambaa.

Nilipomaliza la sita, Mzee Mabula akafungua mdomo kutaja bei. Scolastika akamuwahi! Kikundi kinachukua yote sita, kwa bei niliyoandika, fedha mkononi. Mzee akasonya mpaka mate yakaruka. Bado Scolastika hakutosheka. Akaomba na vipande nilivyokata. Na nyuzi. Akaja na ufagio mpaka chumbani kwangu, akafagia sakafu, akazoa kila kitu kwenye beseni. Mteja wa namna hii hata Dar es Salaam hayupo.

Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo naacha kinu. Mkurugenzi hatwangi. Mzee Mabula akasema hamna neno mayu, kinu hakina hasira, ukirudi kitakupokea.

Jumatatu, 15 Julai

Stanslaus amechapa nakala mia. Nimebadilisha ukurasa wa mbele: "Mitindo Yaiteka Bugarama." Hela nyingine imebaki, nimeifunga kwenye ncha ya khanga.

Nimempigia mama. Nimemwambia mavazi yamekwisha siku moja. Akalia. Akauliza, na yeye nitamletea gauni moja? Nikasema nitamletea mawili.

Nimezunguka barabarani toka asubuhi nikitafuta atakayekuwa amevaa. Hakuna hata mmoja. Nimeelewa. Wanayatunza kwa sikukuu.

Jumatano, 17 Julai

Nimeona moshi nyuma ya jiko la Scolastika. Moshi mzito, wenye harufu ya katani. Nikakimbia.

Magauni yangu! Yote sita, ndani ya karai kubwa, yanawaka! Kola niliyoishona nusu siku inajikunja kama jani. Wanawake wamekaa juu ya madebe kuzunguka moto, wanakula karanga.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Wakanisubiri nimalize. Kisha Scolastika akanieleza, na safari hii sikuwa na sauti ya kumkatiza. Unga wa dhahabu huganda kwenye nyuzi za gunia, miaka yote linapotandazwa pale mbaoni. Gunia likichakaa linachomwa, majivu yanaoshwa, dhahabu inabaki. Bugarama hii hata mtoto wa chekechea anajua. Mzee Mabula alidhani najua. Wao walidhani najua, kwamba kushona nguo ni ujanja wangu wa kupandisha bei. Mpaka ile Ijumaa alipokuja kuniambia na nikamsomea gazeti.

Hapo wakacheka. Bibi aliyenigeuza kama mbuzi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye debe.

Wakaosha majivu mbele yangu. Chini ya karai kikabaki kitu cha njano, ukubwa wa punje ya mahindi. Sijawahi kuona kikubwa hivyo kwa miaka mitatu.

Scolastika hakucheka muda mrefu. Akaniweka pembeni. Akasema mdogo wangu, magunia yalikuwa mgawo wako, na sisi si wezi. Kikundi kimekaa jana. Punje hii itanunua vinu vyetu na kukodi mwalo wetu wenyewe, ng'ambo ya barabara, tusimtwangie tena Mabula. Wewe una sehemu sawa na kila mmoja. Tena hutatwanga. Utakuwa katibu, maana una kalamu na mdomo. Gazeti kikundi kitalichapa kila mwezi, na mimi nitalisambaza na chapati mpaka Geita, kuna mtu huko anawapikia madereva. Akaomba nijibu Ijumaa.

Nalala na maneno hayo. Kutoka kwenye kinu. Ofisi ya kweli. Mama asingekuwa ametangaza uongo.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekataa.

Niliandika barua ya kurasa mbili nikamsomea. Hoja ya kwanza: mtu aliyechoma sanaa hawezi kuisimamia. Hoja ya pili: Hatunyamazi haliwezi kunuka vitunguu. Hoja ya tatu: sitakuwa katibu chini ya mtu ambaye hajaandika makala hata moja. Kuhusu sehemu yangu, nilimwambia majivu wabaki nayo, mimi nauza mavazi.

Safari hii alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukatiza hata neno. Akaniuliza Violeth, una hakika? Nikasema mkurugenzi hana shaka. Akasema watahama Jumapili, mlango uko wazi mpaka hapo. Akanifungia chapati mbili, bure. Kwa karatasi nyeupe, isiyoandikwa kitu. Nimeona dharau iliyomo.

Jumatatu, 22 Julai

Nimerudi kwenye kinu. Kwa muda tu. Mzee Mabula kanipokea na salamu yao ya asubuhi, mwangaluka mayu mkurugenzi, chuma chako kiko pale pale. Kaongeza kwamba kuanzia sasa magunia hayamo kwenye mgawo.

Natwanga peke yangu. Wengine wote wako ng'ambo ya barabara. Nasikia wanaimba, nasikia pampu yao ikiunguruma, nasikia Scolastika akiwaita kula. Jana jioni yule bibi alivuka akaja kusema nafasi ya katibu bado haijajazwa, na kwamba kumbukumbu za kikao zinaandikwa na mjukuu wake, anachora tu samaki. Nikamjibu nina kazi.

Na kweli ninayo. Nimekaa nimefikiri kwa utulivu, kama mtu wa biashara. Kosa limeonekana. Halikuwa mishono wala bei, na mimi sikukosea kitu. Kosa lilikuwa kwenye kitambaa: kilikuwa na dhahabu. Mteja akiwa na kisingizio hataiangalia sanaa.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kagongwa kwa wafanyabiashara wa mpunga, nikafungua ncha ya khanga, nikanunua magunia thelathini. Mapya. Yametoka kiwandani, hayajagusa mbao ya kuoshea wala jiwe. Jana nimeyafua mara mbili kwa sabuni ili niwe na uhakika. Hamna chembe, hamna mng'ao, hamna chochote ndani yake.

Onyesho ni Jumapili. Tuone sasa watachoma nini.