Wilaya Isiyo na Saratani

Wilaya ya Chikwasa, kusini mwa Malawi, imetokomeza saratani ya watoto, na imefanya hivyo bila dawa hata chembe. Sifa zote zimwendee Bwana Kaponda, Mkuu wa Afya wa Wilaya, aliyegundua kwamba ugonjwa usiopimwa haupo. Hadubini ya hospitali aliifungia kabatini isije ikaanza maneno. Kwenye ripoti, palipoulizwa idadi ya wagonjwa, akaandika sifuri, akaunda Kamati ya Kulinda Sifuri. Taya la mtoto likivimba, Kamati iliagiza jino ling'olewe. Likizidi, ling'olewe jingine. Meno yakiisha, mtoto alihesabiwa kuwa amemaliza matibabu.

Basi asubuhi moja bibi mmoja, Gogo Nasibeko, akamleta mjukuu wake, Lonjezo, shavu limetuna kama la aliyebugia tonge la ugali wa nsima likamshinda kumeza.

"Bwana, jicho nalo limeanza kusukumwa nje. Tupe gari, akapimwe hospitali kubwa ya Blantyre."

"Gogo, hilo ni jino."

"Jino lipi? Mmeyamaliza!"

"Basi ni kumbukumbu ya jino."

"Mtoto anakufa huyu, Bwana!"

Bwana Kaponda akamhurumia kikongwe asiyejua mambo ya utawala. "Gogo, baada ya mavuno Waziri analeta zawadi ya sifuri yetu. Gari jipya! Madaktari wa Blantyre hawana adabu. Ukiwapelekea mtoto, watampima."

"Na gari la wagonjwa lile pale?"

"Lile ni la misiba. Nani asiyejua?"

Kweli, hakuna asiyejua. Huko Chikwasa, mkubwa asiyetoa gari msibani, siku yake atajizika mwenyewe. Mgonjwa huweza kusubiri. Maiti hana subira hiyo.

Kesho yake Gogo akarudi, mikono kichwani, analia mpaka njiwa wakahama paa.

"Bwana! Kaka yangu wa Blantyre! Kaka yangu ametutoka!"

Bwana Kaponda akavua kofia. "Pole sana, Gogo. Dereva! Jaza mafuta!"

Hakuuliza kaka alifariki lini. Alifariki mwaka ule wa njaa, Lonjezo hajazaliwa. Gogo akapanda na mwombolezaji wake mmoja, mwenye shavu.

Blantyre walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakitazama kwa hadubini, wakasema ni limfoma, aina ya saratani inayokua mbio lakini inayosikia dawa ikiwahiwa. Wakamtundikia dripu. Shavu likaanza kunywea. Kule Chikwasa, Bwana Kaponda aliisifu hadharani familia inayojua kuomboleza hivyo, mwezi baada ya mwezi.

Mavuno yakapita, Waziri akaja. Gari jipya jeupe lilisimama uwanjani na utepe mwekundu. Waziri, mtu wa kupenda watoto mbele ya kamera, akamshika kichwa msichana wa mstari wa mbele.

"Binti, nywele zimekwenda wapi?"

"Zimeondoka na dawa ya saratani," akasema Lonjezo. "Zinarudi. Shika hapa, utaziona."

Ngoma zikanyamaza. Lakini Bwana Kaponda hakupewa cheo kwa bahati nasibu.

"Mheshimiwa, huyo ndiye ushahidi wetu! Chikwasa kila mgonjwa anapona. Asilimia mia! Kila mtoto mwenye uvimbe tunampakia garini, tunamfikisha Blantyre siku hiyohiyo."

"Kila mtoto?"

"Kila mtoto!"

Gogo Nasibeko akainuka. "Akina mama, mmesikia? Bwana amesema mwenyewe."

Vitenge vya kubebea watoto vikafunguliwa. Huku shingo imevimba, huku taya, huku tumbo limejaa. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe na wako? Na mimi wangu walimng'oa meno matano!"

Waziri akajipangusa jasho. Kamera zilikuwa zinamtazama. "Basi wapelekwe. Leo hii. Gari la wagonjwa liko wapi?"

"Msibani, Mheshimiwa," akasema Bwana Kaponda kwa sauti ndogo.

"Si kuna hili jeupe?" akasema Gogo, na mkono wake ulikuwa tayari mlangoni.

Walibanana hadi vioo vikafanya ukungu. Dereva akachungulia. "Bwana, nawe unapanda?"

"Hana uvimbe huyo," akasema Gogo. "Twende!"

Bwana Kaponda akarudi kwake kwa miguu, viatu vipya vinambana, utepe mwekundu mkononi. Njiani akakutana na muuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Bwana mkubwa, leo kwa miguu? Kuna msiba?"

"Upo."

"Pole sana. Nani ametutoka?"

"Sifuri," akasema Bwana Kaponda, akavua kofia.