Mwenye Mtindo wa Bunduki za Mti

Habari iliingia kijiweni kupitia simu ya Haidari, na ilipoingia, Venanti aliweka kikombe chini. Bunduki sitini za mti zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi za Rungwe Mpya kama kuni za msibani, na nyuma yake mgambo wapya wamevimbisha vifua kwa ajili ya picha. Chini yake pameandikwa: kazi safi ya Fundi Felisiani wa Kibondo.

"Kuza hapo," Venanti alisema. "Kwenye kimkono cha kukokia."

Haidari akakuza kwa vidole viwili. Alikuwa muuza mitumba pale stendi ya Kasulu, lakini kwa kuwa aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa kiwanja, watu walimwita Wakili, naye aliitika bila aibu.

"Kiko kushoto," alisema.

"Mnaona! Dunia nzima kiko kulia. Kushoto ni mimi tu! Huyu bwana alikuja karakana kwangu mwezi wa pili, akaomba maji ya kunywa, akakaa saa nzima anaitolea macho ile bunduki ya mfano niliyotundika mlangoni. Maji gani hayo ya kunywa saa nzima?"

"Labda yalikuwa ya moto," alisema Mwamvua, mwenye birika ya kahawa, huku anapanga kashata zake.

Watu wakacheka. Venanti hakucheka. Ile bunduki aliichonga wiki tatu, kwa mninga, akaipiga msasa mpaka mkewe akauliza kama anataka kuioa. Afande wa mafunzo alipita akaishika, akasema, "Fundi, hii kiboko," na tangu siku hiyo Venanti alikuwa anasubiri oda. Kumbe oda ilipanda basi ikaenda Kibondo. Sasa kundi jipya linaanza mwezi ujao, bunduki mia nzima, na hiyo hakuwa tayari kuiona inapita. Iliuma, na aliona haya kwamba inauma hivyo.

"Nikuulize kitu, fundi," alisema Nurudini, mlinzi wa ghala la mahindi, aliyeitwa Jenerali kwa sababu ya kofia. "Aliyetengeneza bunduki ya kweli alikupa ruhusa?"

"Bunduki ni ya wote, kama kiti."

"Kwa hiyo wewe ukiiga ya chuma ni ufundi, yeye akiiga ya mti ni wizi?"

"Ya chuma inaua, Jenerali. Yangu haijaua mtu. Nimeiboresha!"

"Acha zako!"

"Mimi kahawa ya tangawizi nilianza peke yangu hapa stendi," alisema Mwamvua. "Leo birika zote zinanuka tangawizi. Mliniona nalia?"

"Tangawizi ni kiungo, dada," Wakili aliingilia, amekunja nne. "Kimkono cha kushoto ni ubunifu. Sheria iko wazi kabisa."

"Sheria gani?"

"Ipo. Nipe karatasi."

Akaandika kwenye mgongo wa risiti ya mabalo ya mitumba: "Mimi Venanti, nikiwa na akili timamu..."

"Hapo ungeacha nafasi," alisema Jenerali.

"...natamka kwamba mtindo wa bunduki ya mti yenye kimkono kushoto ni wangu, tangu wazo mpaka msasa, na popote utakapoonekana, mwenyewe ni mimi na si mwingine."

Venanti akasaini. Wakili akadai sahihi haitoshi, kwa hiyo Venanti akapaka dole gumba lake masizi ya birika na kuligandamiza chini ya jina lake. Wakaipiga picha, ikaenda kwa afande kwa simu ya Venanti mwenyewe. Alama mbili za buluu zikatokea. Venanti akaagiza kahawa ya watu wote.

"Na hilo wazo la kushoto," Jenerali aliuliza akipuliza kikombe, "ulilitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani kwa nani? Si ulichonga kwa kuangalia picha niliyokurushia Idi?"

Akaitafuta kwenye simu yake, akaiinua juu watu waione. Jenerali na bunduki ya kazini, anacheka. Kimkono kushoto.

"Hii nilijipiga selfi. Someni kifuani: neno ULINZI liko kinyumenyume. Simu imegeuza! Bunduki yangu kimkono kiko kulia, kama za wenzangu wote."

Mwamvua ilibidi ashikilie birika kwa mikono miwili.

"Niliangalia kidogo tu," alisema Venanti, masikio yanamwaka moto. "Kwa msaada."

"Na mwenzako aliangalia kidogo tu. Kwa maji."

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka Felisiani mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope, na bunduki moja ya mti mkononi. Venanti akasimama, amekunja ngumi.

"Mwakeye," Felisiani alisalimia kwa Kiha, akavua kofia. "Mzee Venanti, nimekuja kuomba radhi. Nimekuibia mtindo. Mimi ni mwizi."

Ngumi ikafunguka yenyewe. Venanti alikuwa ameandaa matusi ya kutosha kutwa nzima, sasa hakujua ayaweke wapi.

"Basi, kijana," alisema, sauti imelainika. "Ukikiri mbele ya watu..."

"Nakiri, mzee! Andikeni kabisa. Wazo ni lake, mimi sina langu hapo hata msumari. Afande nimemwambia hivyo hivyo leo asubuhi."

"Umemwambia?"

"Ego, nimemwambia. Maana mgambo wakiamriwa kuweka bunduki begani, ubavu wa kushoto ndio unalala juu ya bega. Kile kimkono kinawachoma kwenye mfupa. Watu sitini wamevimba mabega, wengine hawainui hata kijiko. Afande kasema mwenye mtindo atachonga zote upya, bure, kabla ya Jumatatu. Nikasema mwenye mtindo yuko Kasulu. Akasema, ushahidi uko wapi? Nikawa sina. Mara, niko njiani, afande ananirushia barua yenu, ina mpaka dole gumba! Mungu awabariki."

"Wazo ni la Jenerali!" Venanti aliruka. "Picha ni yake! Oneni!"

"Mimi nilijipiga sura," alisema Jenerali, anaifuta.

"Wakili!"

"Kesi hii ina utata," alisema Wakili, tayari anakunja turubai la mitumba.

Simu ya Venanti ikaita. Jina la afande likajaa kioo kizima. Aliiacha iite, ikakata, ikaita tena, na macho yote yakamkazia. Akaipokea.

"Haloo? ... Nani, Venanti? ... Hapana afande, umekosea namba. Hapa unaongea na Felisiani."

"Mwizi!" Felisiani alipiga yowe stendi nzima ikageuka. "Jamani, mwizi huyu hapa!"