Salamu Marufuku Siku ya Ukuta

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimempata! Ukuta amekubali!

Thuso Mokgalo mwenyewe, kipa wa Nyati wa Palapye kwa miaka tisa, atakuja kwenye kundi letu la mtandaoni Jumamosi saa nane mchana, kujibu maswali papo kwa papo. Watu elfu nne na mia mbili kundini, na aliyemnasa ni mimi, Olefile Gabanakitso, msimamizi mkuu. Tangu fainali ya 1995 hajazungumza na mwandishi yeyote. Alifungwa dakika ya themanini na tisa, shuti la kutoka katikati ya uwanja, mpira ukadundadunda pembeni yake naye kageuka. Nchi nzima ikasema kala rushwa.

Mimi nilikuwepo. Nyuma ya goli lake kabisa, na kofia yangu ya njano. Bahati mbaya goli lenyewe sikuliona. Nilikuwa nimewageukia wenzangu, nawatambia jambo.

Mma Gorata, msaidizi wangu, nesi mstaafu asiyekosa maoni, ameandika mbele ya wote kwamba kikao hiki kikiharibika kama kile cha Machi, nikabidhi uongozi. (Machi mwimbaji alituaga baada ya dakika kumi na moja, eti maswali yote nilikuwa nauliza mimi.) Watu mia sita wamemuunga mkono. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimetoa kanuni. Swali la dakika ya themanini na tisa, marufuku, nimemwahidi mkewe. Mgeni atume picha yake ameshika karatasi yenye jina la kundi na tarehe, tusije tukaletewa mtu bandia. Na kanuni niliyoitunga mwenyewe, naionea fahari: salamu, marufuku. Swali moja kwa moja.

Nimepiga hesabu. Watu mia sita wakimwamkia, naye mtu wa makamo aliyelelewa vizuri akawaitikia mmoja mmoja, saa nzima imekwenda na hatujauliza hata anapenda mboga gani. Hakuna kundi Botswana nzima lililowahi kufikiria hili. Mimi nimefikiria.

Mma Gorata kaja juu. Kaniuliza hadharani: "Rra, bwana wangu, hivi wewe ulilelewa na nani? Unaingiaje kwenye ua wa mtu na kuanza kumhoji?" Mia tatu na arobaini wamecheka. Nimefuta maneno yake. Ameyaandika tena. Nimefuta. Ameyaandika kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kazi imekamilika. Nimewaandalia binamu zangu kumi na wawili maswali matamu, kila mmoja na dakika yake ya kuuliza, ili kikao kisipoe. Nimenunua magwinya, maandazi yetu ya mviringo, ya kutosha na kuichaji simu mpaka imepata joto. Mma Gorata na aandae hotuba yake ya kushindwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Saa nane kamili. Ukuta kaingia. Picha ipo, karatasi ameishika kichwa chini miguu juu lakini uso ni wake. Akaandika: "Dumelang, bomma le borra, akina mama na akina baba. Hamjambo nyote?"

 Watu elfu mbili wanatazama, na kwa amri yangu hakuna anayeitikia!

Kisha binamu yangu Tshiamo akaweka swali lake, na maagizo yangu yote juu yake: "Tshiamo, uliza hivi saa nane na dakika mbili, jifanye umeguswa: Rra, siri ya mikono yako ni nini?" Dakika moja baadaye binamu wa pili, vilevile. Ukoo gani huu, jamani!

Ukuta akaandika polepole: "Nimewaamkia, hakuna aliyeitikia. Labda nimekosea nyumba."

Halafu kimya chake. Dakika nne. Nikamaliza magwinya manne. Niliuona uongozi wangu ukiondoka, nikamwona na Mma Gorata akiupokea kwa mikono miwili.

Mma Gorata mwenyewe ndiye aliyevunja kanuni. "Dumela, rra. Umeamkaje? Mama watoto hajambo?" Nilinyoosha kidole nifute, lakini nyuma yake walishamiminika hamsini, mia, mia tano. Kidole kimoja kitafuta wangapi? Na Ukuta akawaitikia. Wote! Kwa majina! Akauliza habari za mvua Serowe, za ng'ombe wa fulani, za mguu wa bibi ya fulani. Saa mbili na nusu zikapita. Swali hata moja halijaulizwa. Nikaanza kuandika barua ya kujiuzulu, nzuri tu, yenye kulaumu mtandao.

Ndipo akaandika hivi:

"Nimefurahi. Hapa pana watu. Basi nitawaambia nilichowanyima wengine wote. Dakika ile palikuwa na mtu nyuma ya goli langu. Aliniamkia mara tatu. Mtu akikuamkia mara tatu, unamwachaje? Niligeuka nikamwitikia. Nikasikia wavu."

Mma Gorata akamuuliza kwa nini alivumilia kuitwa mla rushwa miaka thelathini. Akajibu kwamba mtu yule alimwamkia kwa heshima, naye asingeweza kumtwika lawama kwa ajili ya salamu. Wakamuuliza alikuwa nani.

"Simjui. Alivaa kofia ya njano."

Nimeitazama kofia yangu juu ya kabati. Nimeingiwa na baridi, na nje jua linawaka. Maana jambo nililokuwa nawatambia wenzangu siku ile ni hilo hilo: kwamba Ukuta ameniitikia. Maskini, miaka thelathini! Nimejisikia vibaya karibu robo saa.

Kisha nikatulia nikafikiri. Bila mimi, pangekuwa na kisa gani cha kusimulia?

Jumapili, 12 Oktoba
Ushindi! Kundi limefika watu elfu tisa. Watu wazima wamelia. Klabu imemwomba Ukuta radhi, na Jumapili ijayo wakongwe watairudia fainali ile, yeye golini. Redio imenipigia, wanataka kujua vikao vya namna hii vinaendeshwaje. Nimewaeleza msingi wangu wa siku zote: mgeni kwanza aamkiwe, tena aamkiwe na kila mtu. Mma Gorata alikuwa akisikiliza. Nasikia amekohoa kwa muda mrefu. Uongozi ninao.

Nimeifua kofia.

Jumapili, 19 Oktoba
Siku kuu! Uwanja umejaa. Nilisimama nyuma ya goli, mahali pangu palepale, kofia kichwani. Mma Gorata aliitazama kofia, akanitazama mimi, akaitazama tena kofia, mdomo wazi. Wivu mtupu.

Mpaka dakika ya themanini na tisa hakuna goli. Ukuta alikuwa ameokoa kila kitu. Nikaona asiumalize mchezo bila kujua kwamba rafiki yake yupo. Nikamwamkia. Hakusikia. Nikamwamkia tena. Mara ya tatu nikaweka mikono mdomoni.

Akageuka! Akaiona kofia, uso wake wote ukachanua, akaniitikia na kuniuliza habari za nyumbani.

Tumefungwa moja bila. Lakini mtu ana adabu yule!