Pangaboi Juu ya Maji

Jumatatu, 4 Novemba
Nimesema uongo. Mdogo tu. Mke wangu Justa alipiga simu kutoka Nansio, aliko kwa binti yetu Gladness tangu mjukuu azaliwe. Akauliza nakula nini. Kweli ilikuwa chai na mkate, kama jana. Nikasikia mdomo wangu unasema sangara! Nimemvua mwenyewe, mkubwa kama mbuzi! Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu aondoke. Akasema nimwekee kichwa, Jumamosi anakuja na meli. Anakuja! Nikaizunguka nyumba kwa furaha. Vyumba viwili, haichukui muda. Ndipo nikakumbuka: sijawahi kuvua sangara maishani.

Jumanne, 5 Novemba
Mpango tayari. Muuza mitumba wa Mabatini kanipatia fimbo ya kuvulia na chambo bandia cha kizungu: waya uliokunjwa, huku ndoano yenye nyuzi nyeupe, huku pangaboi dogo la bati. Ukikivuta kinapita juu ya maji kwa kelele, sangara anakasirika, anakirukia. Muuzaji kaapa. Nilipotoka kazini stendi nikashuka kwenye mawe ya Nyegezi, kando ya ziwa. Nikarusha. Kikazama kama kijiko. Jirani yangu Yeremia, anayevua sato kwa minyoo, akasema nianze kuvuta mara tu kinapogusa maji, na fimbo niinue juu. Sikumwomba ushauri. Nikafanya hivyo alipogeuka. Kikapita juu! Kikakata kushoto, kikaokota mshipi wake. Tumefungua mafundo mpaka giza. Akanikaribisha kwake kula. Nikasema nina shughuli.

Jumatano, 6 Novemba
Shughuli yenyewe: kukirekebisha. Kilikwenda kushoto kwa sababu mkono wa waya ulipinda. Nimeunyoosha kwa plaizi. Sasa kinakwenda kulia. Nimeunyoosha tena. Pangaboi nalo lilikuwa kimya mno; nimelikunja masikio na kulisogeza mpaka liguse waya kila likizunguka. Ili lilainike, nilipanda bodaboda nikalishika nje, upepo ulizungushe. Krrr-tk-tk-tk! Dereva alisimama njiani kukagua cheni, kisha akasimama tena. Jioni Mama Faisal, mpangaji wa chumba cha jirani, akagonga ukuta kuuliza kama nimeingiliwa na panya. Nikasema ni redio. Nikalizungusha tena kwa kidole, bila sababu yoyote. Ilikuwa sauti pekee humu ndani.

Alhamisi, 7 Novemba
Mawingu. Siku za mawingu sangara huona cheusi vizuri (nimeamua mwenyewe). Nikaondoa nyuzi nyeupe, nikafunga vipande vyembamba vya mwavuli wa Justa. Kelele safi! Kitu kikakifuata! Mgongo! Mkia! Nikavuta mpaka miguuni. Kenge. Akapanda jiwe nyuma ya chambo, akanikodolea macho. Nikaruka majini na viatu vya kazi. Yeremia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema twende kwake nikajikaushe, mkewe kapika. Nikasema nimeshakula. Kufika nyumbani, mkate umekwisha.

Ijumaa, 8 Novemba
Mpango wa pili, wenye akili kuliko wa kwanza. Justa alitaka kichwa. Sokoni Mwaloni wanauza vichwa! Nimenunua kikubwa. Mwili nitasema nimewagawia majirani. Nikamwomba Yeremia aseme alikula mgongo. Akasema, Baba Gladness, mimi siwezi kushiba samaki ambaye sikualikwa kumla. Mtu mgumu sana. Kichwa kimelala kwenye beseni, chini ya gunia lenye maji.

Jumamosi, 9 Novemba
Amefika! Kanga mpya, harufu ya mtoto mchanga. Akafunua gunia, akabonyeza jicho, akainua shavu. Baba yake alikuwa mvuvi Ukerewe. Hilo nilikuwa nimelisahau. Akasema huyu kavuliwa kwa wavu, tena zamani kidogo. Nikaeleza kuhusu joto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:
"Baba Gladness, ungesema tu njoo."
Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema mwavuli wake umeliwa na panya. Akakipika kichwa. Tumekula, tumekaa upande mmoja wa meza.

Jumapili, 10 Novemba
Alfajiri nilimpeleka kwenye mawe akasikie pangaboi. Nikarusha. Krrr-tk-tk-tk. Nikageuka kuona kama anatazama. Maji yakapasuka! Mdomo mpana kama karai! Nikavuta mapema, tena kwa nguvu zote. Chambo kikaruka hewani, kikatua kwenye jiwe. Sangara hayupo.
"Nimemwona," Justa akasema, akanishika mkono. "Huyo nimemwona kweli."
Mchana akapanda meli. Atarudi lini, hakusema. Nami sikuuliza. Nilibaki gatini mpaka wafagiaji wakanifikia.
Usiku akapiga kusema amefika salama. Akauliza hali yangu. Sahani mbili bado ziko mezani. Nikasema niko safi kabisa, sina hata nafasi ya kupumua, nimeanza kukipaka chumba chetu rangi, aje aone. Rangi gani? Samawati, nikasema. Na dirisha jipya, kubwa, linaloangalia ziwa.
Kesho naomba ruhusa kazini. Lazima nijue ukuta hutobolewaje.